Watoto wa chini ya miaka minne na sayansi ya mimea: tuanzie wapi, na mimea ipi ni salama?

Mlezi wa Ng'ambo (Tabora)

Habari za siku nyingi, ndugu zangu walezi na walimu. Ninaendesha kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Tabora mjini, chenye watoto wa kuanzia miezi minane hadi wanaokaribia miaka minne, na ninaomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo wazazi wameanza kuniuliza kwa msisitizo: tunawafundisha nini watoto kuhusu sayansi, hasa sayansi ya mimea, ilhali tumezungukwa na miembe, bustani za mchicha na mashamba ya kila aina?

Uwanja wetu una mwembe mmoja mkubwa, kipande cha ardhi kisichozidi upana wa chumba, na bomba ambalo maji yake hayana uhakika wakati wa kiangazi. Fedha za kununua vifaa hakuna. Mzazi mmoja amependekeza niwaonyeshe watoto video za mimea kwenye simu, na mwingine ameniletea karatasi zilizochapwa picha ya mmea ili watoto waipake rangi na kukariri majina: mzizi, shina, jani, ua, tunda. Sikuzikataa, lakini ninapomtazama mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiitafuna karatasi hiyo, ninashindwa kuona sayansi iko wapi.

Mtoto ambaye bado hajaweza kuunda sentensi anaweza kujifunza nini hasa kuhusu mmea? Ni michezo gani inayowafaa wanaotambaa, na ipi iwasubiri wale wakubwa kidogo? Mimea ipi ni salama, ukizingatia kwamba kila kinachoshikwa huishia mdomoni? Mvua za kwanza zinakaribia, nami ningependa zitukute tukiwa tayari.

Mwalimu Mstaafu (Ipuli, Tabora)

Mwangaluka, mwanangu. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Mtoto ambaye bado hajaunda sentensi anajifunza kwamba mmea una umbo, harufu, uzito na ubaridi wake; kwamba jani la mgomba linateleza na lina mshipa mnene katikati, ilhali jani la mboga ya maboga linakwaruza; kwamba mchaichai ukisuguliwa hutoa harufu ambayo haikuwapo kabla ya kusuguliwa. Hayo ni maarifa ya mimea kamili. Mtaalamu mwenye shahada naye huyatumia anapotambua mti asiokuwa na uhakika nao porini: hutazama, hugusa, huponda jani na kulinusa. Majina ya sehemu za mmea yatakuja baadaye, na yatashika upesi kwa sababu mtoto atakuwa tayari anavijua vitu vyenyewe.

Kwa hiyo wale wanaotambaa watandikie mkeka chini ya mwembe, uwawekee vitu vikubwa vya kushika: kibuyu kikavu, gunzi la mahindi, jani zima la mgomba, boga ambalo hawawezi kulinyanyua lakini wanaweza kulisukuma na kulipiga makofi. Mtoto wa miezi minane hushika kwa kiganja kizima. Kuokota kitu kidogo kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada huja kati ya miezi 9 na 12, na hapo ndipo mbegu ndogo inapokuwa hatari kwake. Usiwapangie vitu vingi kwa mara moja. Viwili au vitatu vinatosha, na kesho virudi vilevile, maana mtoto wa umri huo hachoshwi na kurudia kama tunavyochoka sisi. Kurudia ndiko kunakomwezesha kutambua kwamba kitu kimebadilika.

Mwembe wako una somo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Majani yake machanga hutoka yakiwa na rangi ya shaba, yamelegea na laini, kisha hukomaa yakawa ya kijani na magumu. Shusha tawi lenye majani ya aina zote mbili, mpe mtoto aguse hili, kisha lile, nawe useme tu, "hili laini, hili gumu." Ukipata nafasi ya kutoka nao nje ya mji mwezi wa Septemba au Oktoba, utaona miombo yetu ikifanya jambo hilohilo kwa msitu mzima: miti hutoa majani mekundu na ya rangi ya shaba kabla mvua haijanyesha, na hata mtoto aliyebebwa mgongoni huigeuzia kichwa rangi hiyo.

Kuanzia mwaka wa pili, mchezo mkuu wa mtoto ni kuficha na kufichua, kutia na kutoa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwa kirefu jinsi mtoto anavyoanza, katika miezi ya mwisho ya mwaka wa kwanza, kuelewa kwamba kitu kilichofunikwa bado kipo. Sasa fikiria: kupanda ni nini, kwa macho ya mtoto huyo, kama si mchezo wa kuficha? Ndiyo maana mtoto wa miaka miwili aliyepanda harage asubuhi hulifukua mchana. Hajaharibu, anakagua. Usimkemee, panda maharage mengine mahali asipopafikia, na yale ya kwake umwachie ayafukue atakavyo, wewe ukiwa karibu.

Ili aone kinachoendelea huko chini bila kufukua, tafuta chupa ya plastiki isiyo na rangi. Tandaza ndani yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mpaka kigandamane na ukuta wa chupa, sukuma maharage machache kati ya kitambaa na ukuta huo, kisha funga kifuniko kwa nguvu. Mtoto anaweza kuibeba, kuitikisa na kuitazama kwa karibu, na harage halifiki mdomoni. Jioni, watoto wakishaondoka, fungua kifuniko kwa muda, kwa sababu mbegu inayoota huvuta hewa, na ikifungiwa moja kwa moja huoza. Mzizi utachungulia baada ya siku mbili hadi nne. Ukishafikia urefu wa kucha, ilaze chupa kwa ubavu, na siku inayofuata mtaukuta mzizi umejipinda kuelekea chini tena. Katika ncha ya mzizi zimo seli zenye punje ndogo za wanga ambazo huzama upande wa ardhini, na kwa hizo mzizi hujua chini ni wapi. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji maelezo hayo. Anahitaji kuona kwamba mzizi umegeuka bila kuguswa na mtu. Ila wewe mlezi uyajue, usije ukaulizwa ukabuni.

Zile karatasi za kupaka rangi ziweke kando mpaka wafike darasa la awali. Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kituo chenye mwembe uwanjani hakina haja ya kuitumia hata hiyo saa moja.

Muuguzi wa Ujiji (Kigoma)

Shikamoo, Mwalimu. Nawe dada mlezi, salamu kutoka huku ziwani. Yote aliyoyasema Mwalimu ninayaunga mkono, ila mimi kazi yangu ni kupokea watoto pale mambo yanapoharibika, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mkali kidogo.

La kwanza ni kukabwa na kupaliwa. Karanga nzima haimfai mtoto wa chini ya miaka mitano, iwe ya kula au ya kuchezea. Harage kavu lina ubaya wake wa pekee: mtoto hulitumbukiza puani au sikioni, unyevu wa mwili hulifanya livimbe, na kila saa inayopita huzidi kulibana. Likiingia, usijaribu kulitoa kwa kibanio wala kumiminia mafuta. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekabwa, asiyeweza kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, umpige makofi 5 kati ya mabega, na kitu kisipotoka mgeuze umpe misukumo 5 katikati ya kifua, ukirudia hivyo huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Msaidizi wako naye ajue kufanya hivyo kabla hamjaleta mbegu yoyote kituoni.

Kisha maharage mabichi yenyewe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa vizuri, na machache tu yakiliwa mabichi humtapisha hata mtu mzima. Mahindi, maharage au alizeti zinazouzwa kwa ajili ya kupandwa katika maduka ya pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu, ndiyo maana utaziona zina rangi nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu isiyo ya asili. Hizo zisiguswe na mtoto hata kwa dakika moja, wala usidhani kwamba kuziosha kunatosha. Nunua za kula, sokoni, kwenye ungo.

Katika nyua za kwetu na za kwenu kuna mimea mitatu ambayo ningependa uitafute uwanjani leo hii. Mbono kaburi, ambao watu huupanda kama ua, una mbegu nyeusi zenye ladha isiyochukiza, na watoto huzila kisha hutapika na kuharisha sana. Mbarika ni mbaya zaidi, maana mbegu zake zenye madoadoa ya kupendeza zina sumu inayoweza kuua. Mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, hutoa utomvu mweupe unaounguza ngozi na kuumiza vibaya macho. Kwa kuwa mko Tabora niongeze tumbaku: nikotini ya majani mabichi hupenya kwenye ngozi, hasa yakiwa yameloa umande au mvua, kwa hiyo jani la tumbaku lisiletwe kituoni kwa sababu tu ni kubwa na linavutia. Hata mwembe wenu, ambao ni rafiki wa wote, hutoa utomvu kwenye kikonyo cha embe bichi unaoweza kuwasha ngozi ya mtoto.

Udongo una minyoo, nao si sababu ya kuwafungia watoto ndani. Chagua sehemu ambayo kuku, mbuzi na paka hawafiki, watoto wavae viatu, mikono inawe kwa sabuni baada ya mchezo, na uwahimize wazazi wasikose dawa ya minyoo ambayo mtoto hupewa kuanzia miezi 12 pamoja na matone ya vitamini A. Ndoo ya kumwagilia isibaki na maji hata kidogo. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kutumbukia kichwa na kuzama katika maji ya kina kifupi sana. Na gunzi la Mwalimu, likianza kulika na kutoa vipande, litupwe.

Baba Wawili (Nzega)

Ndugu zangu, naomba nitofautiane nanyi, kwa heshima zote. Mimi nimekulia shambani, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kung'oa karanga na bibi yangu ilikuwa sayansi. Tulicheza, tukatengeneza magari ya mabua ya mtama, tukajua mti upi una matunda yanayoliwa na upi haupandwi kwa sababu matawi yake huvunjika. Sasa tunamlipia mtoto wa miaka miwili ada ili aguse jani la mwembe na tunaliita somo. Je, si kweli kwamba tunawabebesha watoto haraka ya wazazi? Aachwe acheze. Sayansi ataikuta shuleni.

Bwana Shamba (Kasulu, Kigoma)

Baba Wawili, hoja yako ina uzito, nami ningekubaliana nawe kabisa kama watoto wote wangekuwa na bibi wa kung'oa naye karanga. Watoto wa kituo cha dada huyu wanakaa mjini kuanzia asubuhi hadi jioni, na bibi yao wa mchana ni yeye. Anachouliza, kama nimemwelewa, ni namna ya kuwapa kile ulichokipata wewe bure.

Na hizo karanga ulizozitaja, hebu zifikirie tena. Mkaranga huchanua ua la njano juu ya ardhi, ua likishachavuka kikonyo chake hurefuka kuelekea chini, kinapenya udongoni, na punje hukua humo gizani. Mimea mingi tunayoilima haifanyi hivyo. Wewe uling'oa, ukaona punje zikining'inia mahali ambapo mtu angetegemea mizizi, na huenda ulijiuliza zimefikaje huko. Hilo swali ndilo tunalolitafuta. Mlezi asipopitisha watoto karibu na mkaranga, halitokei.

Dada mlezi, kwa upande wa mimea, kanuni yangu ni moja: kwa mtoto mdogo chagua mmea unaobadilika kabla hajasahau. Sisi wa Kigoma tunajivunia mchikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche yake, lakini kwa kazi yako haufai hata kidogo, kwa sababu mbegu yake ina usingizi mzito na isipopashwa joto kwa wiki nyingi huchukua miezi kuota. Mtoto aliyeipanda akiwa anatambaa ataiona ikichipua akiwa anakimbia, na wala hatakumbuka kwamba aliipanda yeye.

Kinachobadilika upesi kuliko vyote kipo sokoni kila siku. Nunua fungu la matembele yaliyonyauka jua la asubuhi, yale ambayo mama muuzaji anakupunguzia bei. Waonyeshe watoto yanavyolegea mkononi, waache wayainue na kuyaangusha, kisha kata ncha za vikonyo na uyatie katika kopo la maji kivulini. Wakiamka usingizi wa mchana watayakuta mengi yamesimama. Maji yamepanda kwenye shina na kuzijaza seli zilizokuwa zimesinyaa, na ni huko kujaa kunakosimamisha sehemu laini ya mmea usio na ubao. Mtoto wa miaka miwili anaweza kukumbuka kuanzia kabla ya kulala hadi baada ya kuamka. Kuunganisha alichokiona Jumatatu na anachokiona Ijumaa ni kugumu zaidi kwake. Jioni mnayapika, na hakuna kilichopotea.

Marando ya viazi vitamu nayo yakisimamishwa katika maji hutoa mizizi kwenye vifundo baada ya siku chache, meupe na ya kuonekana wazi, na hayana punje ya kumezwa. Ukitaka cha kupandwa ardhini, mchicha huota ndani ya siku tatu hadi tano udongo ukiwa na unyevu, lakini mbegu zake ni kama vumbi; changanya na mchanga ili mtoto anyunyize kwa kiganja. Boga ninalipenda zaidi kwa watoto wa miaka mitatu: mbegu ni kubwa kiasi cha kushikika, huota ndani ya wiki moja hivi, jani la kwanza la kweli linakwaruza tofauti na yale mawili laini yaliyotangulia, na baadaye huja maua makubwa ya njano, ya kiume yenye kikonyo chembamba na ya kike yenye kiboga kidogo chini yake. Asubuhi na mapema nyuki huwa ndani ya ua, na Tabora hamkosi nyuki. Wafundishe kutazama mikono ikiwa mgongoni.

Mbegu za mlonge zina mabawa matatu membamba. Mtu mzima azirushe kutoka juu ya kiti upepo ukivuma, watoto wazikimbilie, kisha zihesabiwe zirudi zote. Kishonanguo nacho, mwishoni mwa kiangazi, ni mchezo wa tayari: wavalishe soksi kuukuu juu ya viatu, mpite nao kwenye majani makavu, mrudi mkatazame nini kimeng'ang'ania. Mbegu hizo zinachoma, kwa hiyo azitoe mlezi, au soksi nzima ilazwe udongoni, inyweshwe maji mvua zikianza, watoto waone inavyochipua. Hapo hata Baba Wawili atakuja kutazama.

Mwalimu Mstaafu (Ipuli, Tabora)

Baba Wawili, nikuongezee neno moja tu, maana Bwana Shamba amenimalizia kazi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hayo malezi yenye mwitikio ndiyo hasa aliyokupa bibi yako. Mtoto anaonyesha kidole, mtu mzima anageuka kutazama kilekile, anakitaja, anasubiri. Mlezi anayefanya hivyo hajamfanyia mtoto haraka yoyote. Haraka iko katika zile karatasi za kukariri, na juu ya hizo mimi na wewe tuko upande mmoja.

Mlezi wa Ng'ambo (Tabora)

Shikamoo, Mwalimu, na asanteni nyote. Dada muuguzi, mbono kaburi upo kweli kwenye ua wa jirani unaogusa uwanja wetu, na tumeshakubaliana naye aukate upande wetu. Matembele tumeyajaribu, na wakubwa waliyakimbilia walipoamka kabla hata ya kudai uji.

Ila limezuka jambo jingine. Mtoto wa miaka mitatu na nusu alimwuliza msaidizi wangu mmea unakula nini, akajibiwa kwamba unakula udongo na mbolea. Mtoto akaridhika, lakini mimi sikuridhika. Tumjibu nini mtoto wa umri huo, jibu fupi lisilokuwa uongo? Na je, upo mchezo wa kumwonyesha?

Bwana Shamba (Kasulu, Kigoma)

Msaidizi wako asione haya, kwani wanazuoni wa Ulaya waliamini hivyo kwa karne nyingi. Aliyelipima jambo hilo kwa mizani ni Jan Baptist van Helmont, wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, katika karne ya 17. Alikausha udongo wa takriban kilo 90, akautia katika chombo, akapanda mche wa kilo 2 na kidogo, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulifikia karibu kilo 77, lakini udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, akiwa ameshafariki. Yeye alihitimisha kwamba mti mzima ulitokana na maji, na hapo hakufika, kwa sababu sehemu kubwa ya mti hutokana na hewa ukaa ambayo majani huivuta na kuiunganisha na maji kwa nguvu ya jua. Huo ndio usanisinuru. Udongo hutoa madini, kidogo kwa uzito ingawa bila hayo mmea hudhoofu, na mbolea huongeza hayo madini.

Kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu sema hivi: "Mmea unakunywa maji kwa mizizi, na majani yake yanatumia jua kujipikia chakula." Neno kupika atalielewa, na akifika sekondari hatalazimika kulifuta.

Mchezo wake ni rahisi, nao unarudi kwenye kule kuficha na kufichua alikokueleza Mwalimu. Mvua zikishachipusha ukoka, funika kipande kimoja kwa kopo tupu la maziwa lililogeuzwa, uweke jiwe juu yake. Kila siku watoto wapite walione kopo lipo. Baada ya wiki moja hivi liinueni: majani ya chini yake yatakuwa yamepauka na kuwa ya manjano, kwa sababu mmea hauwezi kuendelea kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, bila mwanga. Waache waguse penye manjano na penye kijani. Kisha msilirudishe kopo. Acheni jua lipige, na siku zinazofuata mwendelee kupita mkitazama ukijani unavyorudi. Kwa wale wa mwaka mmoja kuinua kopo ndiyo furaha yote, na inatosha.

Muuguzi wa Ujiji (Kigoma)

Kopo liinuliwe kwanza na mtu mzima, peke yake, kwa kijiti, kabla watoto hawajaitwa, kwa sababu nge hupenda kujificha mahali penye giza na unyevu kama hapo. Na mdomo wa kopo wenye makali ukunjwe kwa nyundo kabla ya kulitumia kufunikia.